Chumba cha Kutazamia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nikuulize mgongo, maana mara ya mwisho uliniambia unalala ubavu mmoja tu kama samaki wa kwenye sinia. Umepata nafuu? Na wenzako wa huko mnakojenga daraja hawajambo? Sisi huku tunakula, tunalala, watoto wanarefuka na kuua viatu, na shemeji yako bado anakoroma hadi jirani anagonga ukuta. Kwa upande wa afya, basi, hatuna la kulalamika. Habari nyingine ndizo zitakazokufanya utafute pa kukaa, kwa hiyo kaa kabisa.

Nimeona niandike kwa sababu huko kwenu simu haishiki mpaka upande juu ya kontena, na juu ya kontena kila mtu anamsikia mwenzake. Haya si mambo ya kupigiwa kelele hapo. Tena yanamhusu Mama. Usishtuke, ni mzima, yuko jikoni sasa hivi anagombana na sufuria. Amenikataza nisikuambie neno. Naandika hivyo hivyo, na wewe utajifanya hujui, kama tulivyokuwa tukifanya tulipovunja vikombe.

Kiwandani tumepata meneja mpya. Ni mwanamke mfupi, hana makelele, anakusikiliza kwa utulivu mpaka unajiona una kosa. Amekuja wakati mbaya. Hospitali moja ilikuwa imerudisha katoni zetu za dripu kwa sababu muuguzi, akiwa tayari ameinua chupa juu ya kitanda cha mtoto mgonjwa, aliona kitu kinaelea ndani kama uzi. Akaishusha. Mtoto hakudhurika, Mungu mkubwa. Lakini haukupita muda hospitali ya pili nayo ikarudisha, na wale wanaotoa leseni wakaandika kwamba ikitokea tena, geti letu litafungwa. Kiwanda kilekile kilichotulisha mimi na wewe tangu tunaota meno.

Meneja akaniita. Akaniambia niache meza yangu ya mipango, nivae viatu vya raba, niifuate chupa moja kuanzia inapoingia tupu mpaka inapopanda lori. Nichore kila mkono unaoigusa na kila mahali inapokaa kusubiri. Alisisitiza kwamba hataki kujua kazi inavyotakiwa kufanywa, kwani hiyo imetundikwa kwenye fremu kila chumba na haijamsaidia mtu. Anataka inavyofanywa hasa. Akataka pia mchoro uwekwe kantini, mbele ya macho ya wote, na usiwe na jina la mtu hata moja. Uwe na hatua tu.

Basi nikabandika karatasi ya kaki kutoka mlango wa kantini mpaka karibu na sinki, na juu yake vikaratasi vya njano, kimoja kwa kila hatua, na mishale katikati. Siku za mwanzo nikiingia chumba chochote watu wananyamaza, na mikono yao inakuwa na adabu ambayo haikuwa nayo dakika iliyopita. Wakanipachika jina Bi Mishale. Asubuhi moja nikakuta mtu amenichora pembeni ya karatasi, nimeshika upinde. Nilikasirika sana, halafu nikaona pua ameipatia, nikaiacha.

Kilichotupatanisha ni lebo. Nilimfuata msichana wa lebo, nikamwona anachukua trei ya lebo zilizochapishwa, anapanda nayo ngazi hadi ofisi ya juu, anaiweka mezani, anasimama kidogo akitazama dirishani, kisha anaibeba na kuishusha tena. Nikamuuliza juu kuna nini. Akasema zamani palikuwa na msimamizi wa kuzitia sahihi. Yuko wapi? Alistaafu. Sasa nani anatia sahihi? Hakuna. Mbona unazipandisha? Akafikiri, akanijibu kwamba aliyemfundisha kazi alimwambia lazima zifike juu. Kaka, nilicheka mpaka nikaketi kwenye ngazi, na yeye akacheka. Nilipouchora mshale ule unaopanda na kushuka bila sababu, kantini nzima ikaangua kicheko, na tangu hapo watu wakaanza kuja wenyewe saa ya chakula kunisahihisha. Hapa umekosea, sisi tunapitia mlango wa nyuma. Hapa hujaandika kwamba tunaazimana mkasi. Nilifurahi, sitakuficha. Nilijiona nimeipata kazi niliyozaliwa nayo.

Ndipo chupa yangu ikafika chumba cha kutazamia.

Unakikumbuka. Tulikuwa tukichungulia kwenye kioo cha mlango tukimsubiri Mama, giza ndani na taa moja tu juu ya benchi, na nyuma ya taa ule ubao, nusu mweusi nusu mweupe. Mama bado anakaa kiti kilekile. Anaishika chupa shingoni, anaigeuza polepole isifanye povu, anaitazama kwenye weusi, kwani uchafu mweupe huonekana huko, kisha kwenye weupe, kwani uchafu mweusi huonekana huko. Halafu anaisukuma kwa mtazamaji wa pili, naye hurudia yote upya kabla haijaingia katoni. Wote kiwandani wanamwita Jicho, hata mlinzi wa getini. Na mtazamaji wa pili, kama ujuavyo, ni mume wangu, shemeji yako, ambaye Mama mwenyewe alimwombea kazi ile na kumfundisha jinsi ya kuishika chupa.

Nikaketi kwenye kigoda nyuma yao. Nilitarajia kwamba hapo ndipo nitapumzika, maana kama kuna chumba kimoja ambacho hakina kasoro ni kile. Mikono ya Mama ilikwenda kama siku zote, kuinua, kugeuza, kusukuma. Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Kisha nikainua macho nikaona uzi.

Ulikuwa mweupe, mrefu kama kope, unacheza mbele ya ule weusi. Niliuona kutoka kwenye kigoda, nyuma ya bega la Mama. Nikangoja aitoe ile chupa pembeni. Mama akaigeuza, akaipeleka kwenye weupe, akaisukuma. Nikajisemea haidhuru, yupo wa pili. Shemeji yako akaipokea. Akaigeuza mkononi, usawa wa tumbo, chini kabisa ya taa, macho yake yakiwa kwenye katoni. Akaiweka ndani.

Niliinuka, nikaitoa ile chupa kwenye katoni nikasema ninahitaji ya mfano, nikaifunika kwa koti langu. Nikakaa tena, nikatazama zaidi, na sasa nilikuwa sitazami chupa, ninawatazama wao. Mama hakuwa anatazama ubao. Uso wake ulielekea juu kidogo ya taa, kama mtu anayesikiliza redio. Na mume wangu hakuinua chupa hata moja kwenye mwanga. Ilikuwa Ijumaa. Ghalani katoni za wiki nzima zilishapangwa hadi dari, na lori lilikuwa lije Jumatatu mchana. Asubuhi ya Jumatatu hiyohiyo watu wote walitakiwa kukusanyika kantini, mbele ya mchoro wangu, uliokwisha.

Jioni nilimkabili mume wangu mlangoni, hata viatu hajavua. Nilikuwa na hasira za kumng'oa masikio. Alibaki ameshika kamba za kiatu, akanieleza akiwa ameinama. Alisema miezi ya mwanzo alikuwa akitazama kila chupa, tena sana. Lakini kila alipoinyanyua moja kwenye taa, Mama alikuwa akigeuka na kumuuliza kwa upole kabisa, umeona nini, baba? Hakuwa ameona kitu, alikuwa anafanya kazi yake tu. Ila akajisikia anamkagua mama mkwe wake, amekaa kando yake, anamwambia mbele ya uso wake kwamba hamwamini. Akaanza kuinua moja moja. Kisha akaacha. Aliniuliza ningefanya nini mimi kwa mama yake yeye. Nikamwambia ningetazama chupa. Lakini Kaka, nilisema kwa mdomo tu. Namjua mama mkwe wangu na ninajijua.

Kesho yake nikamfuata Mama jikoni. Nilimpa sindano na uzi mwekundu nikamwomba anitungie. Akasema ana haraka. Nikamwomba tena. Akaiweka sindano mezani, akasema jicho la kushoto lina ukungu tangu mvua za mwaka jana na la kulia limeanza kulifuata, na kwamba si jambo la kutangaziwa mitaa. Nikamuuliza anawezaje kukaa pale kila siku akijua hivyo. Akashangaa kweli, kana kwamba nimeuliza kwa nini anavaa nguo. Alisema yeye hana wasiwasi, kwa sababu mume wangu ana macho ya kijana. Kinachompita yeye hakiwezi kumpita yule. Amemfundisha mwenyewe, anamwamini kuliko anavyojiamini.

Unaona ilivyokuwa? Kila mmoja alimwegemea mwenzake kwa mapenzi mema kabisa, na katikati yao chupa zilikuwa zinapita zenyewe. Kwenye mchoro palikuwa na vikaratasi viwili, Anatazama na Anatazama. Mtu yeyote angeapa kwamba hapo pamefungwa kwa kufuli mbili.

Sikumwambia Mama habari za mume wangu. Nilimwambia tu kwamba siwezi kuliacha. Akasimama karibu yangu, akashusha sauti, akaniambia niandike Anatazama, kwa kuwa sitakuwa nimesema uongo. Natazama, alisema. Kila siku natazama. Kisha akanipa mgongo na kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili yote nyumba ilikuwa kama kuna msiba. Niliwaza kwenda kwa meneja kimyakimya, lakini nikajua Mama angeondolewa kwa mnong'ono, na mnong'ono ndio ungebaki na jina lake. Niliwaza kunyamaza hadi lori liondoke, kisha nitafute njia ya polepole. Halafu namwona yule muuguzi na mkono wake juu ya kitanda cha mtoto. Safari hii asipotazama je? Anayetegemewa kutazama si yeye, ni sisi. Kaka, nilikuogopa hata wewe. Nilijiuliza utasema nini ukisikia mdogo wako amemvua Mama nguo mbele ya watu.

Jumatatu nilifika kantini kabla ya wapishi. Nikabandua vile vikaratasi viwili nikabandika kimoja, na kwa kalamu nene nyeusi nikaandika HAKUNA ANAYETAZAMA. Maneno yalisomeka kutoka mlangoni.

Watu wakaingia na vikombe vya chai, wakaufuata mchoro kama kawaida yao, wakicheka kwenye lebo, wakitaniana. Kila aliyefika pale alinyamaza. Kimya kikawa kinatembea ukutani pamoja nao. Mume wangu akafika, akasoma, akashika mgongo wa kiti. Meneja akasoma, akasubiri. Mwisho akaingia Mama, koti limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, anawasalimia wote kwa utani wake. Watu wakampisha. Akajua wamempisha afike kwenye sehemu yake, akaenda akasimama mbele yake kabisa. Akasogeza uso. Akausogeza tena, pua karibu kugusa karatasi. Hapo kantini nzima ilielewa.

Mama akageuka akatabasamu. Akasema kwa sauti ya kusikika kote kwamba mwandiko wangu siku hizi umekuwa wa kuku, na kwamba nimsomee, watu wasikie mwanawe ameandika nini juu ya chumba chake.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Nilikuwa nimekesha siku tatu nikijiandaa kusema kweli. Nilikuwa nimeibandika ukutani kwa mkono wangu. Lakini Mama ananiangalia, nilisoma hivi: mtazamaji wa kwanza anatazama kwa makini, kisha wa pili anatazama tena. Nilisoma kwa sauti na kutamka vizuri, mbele ya watu wote ambao walikuwa wameshasoma kilichoandikwa. Hakuna aliyekohoa. Mama akasema sawasawa, akanipigapiga begani, akaenda kukaa. Nimewahi kudanganya maishani, kila mtu amewahi. Kusaidiwa na kiwanda kizima kumdanganya mama yangu, hilo sikulijua, na sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi.

Meneja alisema tu kwamba lori halitapakiwa na kwamba katoni zote zitafunguliwa. Alipotoka, mume wangu akamfuata uani, akakiri sehemu yake, kwamba yeye ndiye wa pili na hatazami. Habari ya macho ya Mama hakuigusa. Meneja alimjibu kwamba yeye naye ana macho, la Mama amekwisha kuliona. Zikafunguliwa. Nyuzi zilipatikana, si moja wala mbili, na tukiurudia mchoro kinyumenyume tukafika kwenye vitambaa vipya vya kufutia shingo za chupa, vinavyonyonyoka. Vimeshatupwa. Kama chupa zile zingepanda lori lile, leo nisingekuwa na nguvu za kukuandikia.

Jioni Mama alirudi mapema. Alikunja koti lake, akaketi kitandani kwangu, akaniambia kwamba maneno hakuweza kuyasoma, lakini wino aliuona. Wino ulikuwa mfupi, akasema. Ulichonisomea kilikuwa kirefu. Akaniuliza, haya, paliandikwa nini?

Nikamwambia. Maneno yale mawili. Nikamwambia na habari za mume wangu, na kwa nini. Kisha akauliza kama kuna mtu kantini ambaye hakusoma. Nikasema hakuna. Mama akalia, Kaka. Alilia bila kujifunika, kama mtoto, na mimi nikalia naye, nikamwomba radhi kwa niliyoandika na kwa niliyosoma. Akasema kwa nililoandika nisiombe. Kwa nililosoma, atafikiri. Hajanipa jibu mpaka leo, na mimi sithubutu kumdai.

Alipojifuta uso aliuliza kesho nani atatazama chupa. Si kesho nitakuwa wapi, la hasha. Na asubuhi yake alimwendea meneja mwenyewe, akamwambia atenganishe viti, aweke ubao katikati, chupa ipite kwenye tundu, ili wa pili asijue imetoka mkononi mwa nani, kwani mtoto wa watu hawezi kumkagua mama mkwe wake wakati amekaa anamwangalia. Fundi ameshauweka. Mshale wake nimeuchora mimi, na kikaratasi chake tumeandika pamoja, yeye akinitajia neno kwa neno. Kiti chake amekikalia mpishi mmoja wa kantini ambaye Mama alimfundisha mwenyewe, na Mama anasema yule mwanamke ana jicho kali sana la kuona mchele mbovu.

Daktari amemwangalia. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, na wanasema akifanyiwa upasuaji ataona tena, pengine hata ataweza kutunga sindano. Wataanza na la kushoto mwisho wa mwezi. Njiani kurudi alianza kucheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema amemuuliza muuguzi kama siku hiyo watamtundikia dripu, akaambiwa ndiyo. Akauliza ya kiwanda gani. Ni yetu.

Usiku ule tukila, alimgeukia shemeji yako, ambaye tangu siku ile alikuwa akimpita pembeni kama mdaiwa. Alimwita baba, kama zamani. Akamwambia, kwa utaratibu kabisa, kwamba kati ya chupa atakazozishika mwezi huu moja itakuwa yake, na hakuna atakayejua ni ipi. Akamwomba jambo moja tu: ikifika mkononi mwake, asimstahi.

Mume wangu aliacha chakula. Tangu hapo anarudi nyumbani macho mekundu, na jioni hataki hata kuangalia televisheni. Anasema anazitazama zote.

Ukipata ruhusa mwisho wa mwezi, njoo, hata kwa siku mbili. Mwambie Mama umekuja kwa ajili ya mgongo wako. Hataamini, lakini atafurahi kukukemea. Salamu kwa wote wa darajani, na yule mpishi wenu mwambie chumvi apunguze. Watoto wanakusabahi, shemeji yako pia, na Mama angekusalimu kama angejua nimeandika. Usilalie ubavu mmoja tu.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Mishale